Nge Ndani ya Nyumba: Anafugika, Hazoeki

Waliokulia Pwani na bara ya Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa nge ni nani. Hukutwa chini ya jiwe, katikati ya kuni, nyuma ya gunia la mkaa au ndani ya kiatu kilicholala barazani, na mara nyingi mtu humjua kwa maumivu kabla ya kumjua kwa macho. Mtoto hufunzwa mapema kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Nge akionekana ndani, ndala huvuliwa na habari yake huishia hapo.

Huko Hamburg, Manchester au Chicago, mnyama wa ukoo huohuo hununuliwa dukani. Hubebwa hadi nyumbani ndani ya kikopo cha plastiki, akawekwa sebuleni katika sanduku la kioo lenye udongo, gome la mti na kikombe cha maji, na usiku mwenye nyumba hukaa akimsubiri atoke shimoni. Wapo wanaofuga mmoja, na wapo waliojaza rafu nzima. Wana maonyesho yao, vitabu vyao na wafanyabiashara wao, na baadhi ya nge wanaowathamini wametoka katika ardhi ya Afrika, Tanzania ikiwemo.

Mhadhara huu unahusu ufugaji huo. Hoja yake ni kwamba nge anafugika vizuri kuliko wengi wanavyodhani, lakini hazoeki hata kidogo. Kwa kuwa hazoeki, anayemfuga anadaiwa mambo ambayo mwenye paka hadaiwi: kumtazama bila kumshika, kuijua jamii yake kabla ya kutoa fedha, na kuuliza ametoka wapi.

Nge wanaofugwa

Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya jamii 2,500 za nge duniani. Wanaofugwa majumbani ni wachache sana, na maarufu kuliko wote ni nge mfalme wa Afrika Magharibi, ambaye kitaalamu huitwa Pandinus imperator. Aliyemweleza kisayansi kwa mara ya kwanza ni Mjerumani C. L. Koch, mwaka 1841. Kwao ni Ghana, Togo, Benin, Nigeria na nchi jirani, mahali penye joto na unyevu, na mara nyingi hukaa ndani ya vichuguu au karibu navyo, kwa kuwa mchwa ni sehemu ya chakula chake.

Ni mnyama wa kutisha kwa umbo. Akinyooka kutoka kwenye magando hadi ncha ya mkia anaweza kufika sentimita 20, na uzito wake ni kama gramu 30. Rangi yake ni nyeusi ya kung'aa yenye dalili ya kijani au bluu, na magando yake ni mapana yenye vinundu na vinyweleo. Lakini sumu yake ni hafifu kwa mtu mzima mwenye afya, na akishakomaa huua windo lake zaidi kwa kulibana na kulivunja kwa magando kuliko kwa kulichoma kwa mwiba. Ukubwa, upole wa mwendo na sumu hafifu ndivyo vilivyomfanya awe nge wa kwanza wa maelfu ya wafugaji. Akitunzwa vizuri huishi miaka 6 hadi 8.

Karibu naye wapo nge weusi wa misitu ya Asia ya kusini-mashariki, wanaofanana naye hata wauzaji wakawachanganya. Wapo pia wa kwetu. Pandinoides cavimanus, nge mkubwa mwenye magando mekundu anayepatikana Tanzania na Kenya, anajulikana kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani kwa jina lenye neno Tanzania ndani yake. Babycurus jacksoni, mwembamba na mwekundu, hukaa kwenye magome ya miti, na yeye pia amekwisha kuzaliana vizazi kadhaa katika nyumba za Ulaya. Hawa wawili ni watu wa nchi moja, lakini tabia na sumu zao hazifanani, na tofauti hiyo itarudiwa mbele.

Mwili uliozoea kusubiri

Nge ni wa kale. Visukuku vyao vina umri wa zaidi ya miaka milioni 400, na umbo la mwili halijabadilika sana tangu zama hizo: miguu minane, magando mawili mbele, mkia wenye pingili unaoishia kwenye kifuko cha sumu na mwiba. Ni ndugu wa buibui na kupe, si mdudu wa miguu sita.

Siri ya kuweza kwake kukaa katika sanduku ni namna mwili wake unavyotumia chakula. Mwili wa nge hutumia nguvu kidogo mno hata ukilinganishwa na wadudu wa uzito wake. Nyenje mmoja au wawili kwa wiki humtosha nge mfalme mzima, na zipo jamii zinazoweza kukaa miezi mingi bila kula kitu. Hali kigumu: hulisaga windo kwa vikato vidogo vilivyo mdomoni, hulimwagia majimaji ya kuyeyusha, kisha hunyonya kilicholainika na kuacha kifungu kikavu cha maganda. Hana harufu, hapigi kelele, hahitaji kutembezwa. Kwa mtu anayeishi katika nyumba ndogo ya ghorofani mjini, hizo ni sifa kubwa.

Macho anayo, mawili juu ya kichwa na mengine madogo pembeni, lakini hayamsaidii sana kuona umbo. Dunia ya nge inasomwa kwa mtikisiko. Mwaka 1979 Philip Brownell na Roger Farley walionyesha kwamba nge wa mchangani wa jangwa la Mojave, Marekani, hupima mawimbi yanayopita katika mchanga kwa kulinganisha ni mguu gani umeyapata kwanza, na kwa njia hiyo hujua windo liko upande gani. Anaweza kumgundua mdudu anayechimba umbali wa kama nusu mita bila kumwona. Chini ya tumbo ana viungo viwili vilivyo kama vitana, ambavyo hupitisha juu ya ardhi ili kupata habari za aliyepita hapo.

Mambo haya ya maabara yana maana sebuleni. Sanduku lililowekwa juu ya spika, au kando ya mlango unaobamizwa kila saa, ni mateso kwa mnyama ambaye mtikisiko ndio macho yake. Vilevile, mkono wa binadamu unaoshuka ndani ya sanduku haumfikii nge kama mkono wa bwana wake. Unamfikia kama joto, upepo na tetemeko la kitu kikubwa. Hakuna ushahidi kwamba nge humtambua anayemlisha. Akitulia kiganjani hajaridhika: amesimama tu kwa kuwa hajui aende wapi.

Jambo linalowavuta wengi zaidi ni mwanga wake. Ukimmulika nge gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno, ileile ndogo ambayo makeshia hutumia kukagua noti bandia, mwili wote hung'aa rangi ya kijani na bluu. Mwaka 1999 wakemia wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walitambua kwamba kemikali iitwayo beta-kabolini iliyo katika ngozi ngumu ya nge ni mojawapo ya visababishi vya mwanga huo. Nge aliyetoka kujivua gamba hang'ai mpaka ngozi mpya ikauke na kukaza. Kwa nini anang'aa bado kunabishaniwa. Douglas Gaffin wa Chuo Kikuu cha Oklahoma na wenzake walipendekeza mwaka 2012 kwamba huenda mwili mzima unafanya kazi ya kuhisi mwanga, ili nge ajue kama amejificha vya kutosha. Mfugaji mwenye busara huiwasha taa hiyo kwa dakika chache tu, kwa sababu nge huukimbia mwanga wake, na akimulikwa kwa muda mrefu mng'ao wake hupungua.

Nyumba ya nge

Mfugaji mpya huwaza kwanza chakula. Angeanza na udongo. Nge mfalme ni mchimbaji, na bila udongo wenye kina cha sentimita 10 hadi 15 hataweza kujitengenezea shimo. Wafugaji wengi hutumia makumbi ya nazi yaliyosagwa, yakachanganywa na udongo usio na mbolea wala dawa, kwa kuwa yanashika maji bila kuoza upesi. Juu yake huwekwa gome lililopinda au kigae kilichovunjika ili kiwe kivuli. Sanduku la urefu wa sentimita 45 na upana wa sentimita 30 linamtosha mmoja. Kioo hawezi kukipanda, lakini gundi ya kwenye kona na waya wa kipasha joto anaweza, kwa hiyo kifuniko sharti kifungwe kwa kitasa au klipu.

Joto linalomfaa ni kati ya nyuzi 24 na 30 za Selsiasi, pamoja na unyevu mwingi hewani. Katika nchi za baridi hapa ndipo wengi huharibu. Hununua kitambaa cha umeme cha kupasha joto na kukilaza chini ya sanduku. Nge porini hukimbia joto kwa kuchimba kwenda chini. Ndani ya sanduku hilo, kadiri anavyochimba ndivyo anavyokaribia moto. Kitambaa hubandikwa ubavuni, upande mmoja tu, ili mnyama achague mwenyewe. Kwa nge wa jangwani kanuni hugeuka: mchanga mkavu na unyevu mdogo. Aliyemweka nge wa jangwani katika makumbi yaliyolowa, au nge wa msituni katika mchanga, amemhukumu kufa polepole.

Maji huwekwa katika kisahani cha kina kifupi chenye vijiwe. Nyenje na mende wanaolishwa wawe wamefugwa kwa ajili hiyo, si waliookotwa jikoni, kwa kuwa mende wa jikoni huenda amepita katika dawa. Dawa ya kupulizia mbu au mende itakayopigwa katika chumba hicho inaweza kumuua nge kama inavyowaua mende wenyewe.

Wakati wa hatari kubwa ni anapojivua gamba. Nge mchanga hujivua mara kadhaa kabla ya kukomaa. Huacha kula, huwa mzito, kisha gamba la mbele hupasuka naye akatoka taratibu kwa saa nyingi, akiwa mweupe na laini asiyeweza kujitetea. Nyenje aliyesahauliwa ndani ya sanduku anaweza kumtafuna. Unyevu ukipungua, mguu hukwama katika gamba la zamani na hukatika. Kazi ya mfugaji siku hizo ni kuondoa chakula, kulinda unyevu na kuacha kugusa chochote.

Mama na wanawe

Ufugaji umeongeza maarifa, na hili lisemwe wazi. Mengi yanayojulikana kuhusu malezi ya nge yamepatikana kwa kuwatazama usiku kwa usiku nyuma ya kioo. Nge hatagi mayai, huzaa. Mimba ya nge mfalme huchukua miezi mingi, yapata 9, na vijusi hulishwa na mwili wa mama. Watoto hutoka weupe kabisa, hupanda mgongoni kwa mama na kubaki hapo mpaka wajivue gamba la kwanza. Dieter Mahsberg wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, alichunguza familia za nge mfalme na kueleza jinsi mama anavyowalinda wanawe na jinsi wanavyoendelea kukaa pamoja hata baada ya kushuka mgongoni, wakila windo ambalo mama ameliua.

Picha hiyo haifanani na ile ya mnyama mwenye roho ya chuki inayosimuliwa. Lakini ina upande wa pili. Mama akisumbuliwa, sanduku likihamishwahamishwa au akikosa maji, huweza kuwala watoto wake. Na mnyama anayechukua miezi 9 kuzaa na miaka kadhaa kukomaa hana namna ya kufidia haraka idadi inayotolewa porini. Ukweli huo wa uzazi ndio ulio chini ya mjadala wote wa biashara.

Sumu na sheria

Kabla ya biashara, sumu. Jean-Philippe Chippaux na Max Goyffon, katika tathmini yao ya mwaka 2008, walikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 1.2 huumwa na nge kila mwaka duniani, na zaidi ya 3,250 hufa. Hao kwa sehemu kubwa si wafugaji. Ni wakazi wa Afrika Kaskazini, Mashariki ya Kati, India, Mexico na kwingineko, wanaolala karibu na ardhi katika nyumba zenye nyufa, na wanaokufa zaidi ni watoto. Yeyote anayezungumza juu ya nge kama pambo la sebuleni inampasa awakumbuke.

Jamii zinazoweza kuua mtu ni chache, kama thelathini hivi kati ya hizo zaidi ya 2,500, na karibu zote ni za familia moja iitwayo Buthidae. Wamo Leiurus quinquestriatus wa Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, nge wa jenasi ya Androctonus wanaofika hadi India, Centruroides wa Mexico, na Parabuthus wa Afrika. Parabuthus transvaalicus wa kusini mwa Afrika anaweza hata kurusha sumu hewani ikamwingia mtu machoni. Jenasi hiyo ina wawakilishi katika nyika za Kenya na Tanzania pia. Na Babycurus jacksoni, yule mwekundu wa magomeni, ni wa familia hiyohiyo. Hahesabiwi miongoni mwa wauaji, lakini si wa kufananishwa na nge mfalme.

Ipo kanuni inayorudiwa na wafugaji: magando manene na mkia mwembamba, sumu ni hafifu, magando membamba na mkia mnene, sumu ni kali. Inasaidia, lakini haitoshi kumkabidhi mtu maisha yake. Hemiscorpius lepturus wa Iran na Iraki si wa Buthidae, mkia wake ni mwembamba, na sumu yake huozesha nyama na imeua watu. Tena nge wachanga wa jamii mbalimbali hufanana, na dukani huuzwa kwa majina ya biashara yanayobadilika kila mwaka. Asiyeweza kupata jina la kisayansi la mnyama kutoka kwa muuzaji, na amuache.

Dawa ya kupambana na sumu hutengenezwa kwa ajili ya jamii fulani za nge wa eneo fulani. Mkazi wa mji wa Ulaya akiumwa na nge wa Sahara, hospitali ya karibu huenda haina dawa yake. Kwa sababu hiyo nchi kadhaa zimeweka sheria. Uingereza, kupitia sheria ya wanyama pori hatari ya mwaka 1976, humtaka anayefuga nge wa familia ya Buthidae awe na leseni ya halmashauri yake, akaguliwe na daktari wa mifugo na awe na bima. Nge mfalme hamo katika sharti hilo. Katika jimbo la North Rhine-Westphalia, Ujerumani, swila alitoroka katika jengo la makazi mjini Herne mwaka 2019, na wakazi wakahamishwa kwa siku kadhaa wakati akitafutwa. Kuanzia Januari 1, 2021, jimbo hilo lilipiga marufuku watu binafsi kuanza kufuga nyoka, buibui na nge wenye sumu kali. Jimbo hilohilo ndilo lenye mji wa Hamm, ambao maonyesho yake ya wanyama wa kufugwa katika vioo huvuta wanunuzi kutoka Ulaya nzima.

Kwa aliyeumwa, awe mfugaji wa Hamm au mkulima wa Dodoma, hatua ni zilezile. Aoshe kidonda kwa maji na sabuni, aweke kitu cha baridi juu yake, atulie, avue pete kabla vidole havijavimba, aende hospitali. Asichanjwe, asinyonywe kidonda, asifungwe kamba ya kukata damu, asimwagiwe mafuta ya taa. Jiwe jeusi la nyoka halinyonyi sumu. Mtoto aliyeumwa apelekwe mara moja bila kusubiri dalili. Akianza kutoka mate mengi, kutapika, kutetemeka misuli, kuzungusha macho au kupumua kwa shida, hali ni ya dharura. Na kama ilivyo kwa nyuki, hata nge wa sumu hafifu anaweza kumdhuru vibaya mtu ambaye mwili wake una mzio.

Kutoka kichuguuni hadi dukani

Mwaka 1995 nge mfalme na ndugu zake wawili wa karibu waliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kuanzia hapo nchi inayomsafirisha sharti itoe kibali na iridhike kwamba biashara hiyo haimalizi mnyama huyo porini. Ghana, Togo na Benin ndizo zilizokuwa chanzo kikubwa. Waliokuwa wakikamatwa ni wakubwa, weusi, wa kupendeza, yaani wale waliokwisha kuvuka miaka ya utoto na walio tayari kuzaa. Kila kichuguu kilichovunjwa ili kumtoa nge kiliwapotezea wenye eneo vizazi viwili kwa pigo moja.

Orodha hiyo ya 1995 haikuwa na nge wa Tanzania mwenye magando mekundu. Kwa miaka mingi alisafirishwa pamoja na vinyonga, majongoo wakubwa na vyura. Mei 2016, baada ya tumbili zaidi ya 60 kukamatwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro wakiwa njiani kupelekwa Albania, Waziri wa Maliasili na Utalii, Jumanne Maghembe, alisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa nafasi ya miezi 6 ili wafanyabiashara waondoe wanyama waliobaki mikononi mwao. Wananchi wakapaza sauti na tangazo likasitishwa. Mjadala ulikuwa wa tembo, simba na twiga, lakini katazo liliwalinda pia viumbe ambao hakuna aliyewataja bungeni.

Kenya ilipata somo lake mwaka 2025. Aprili mwaka huo vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa katika Kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wa sisimizi wavunaji wapatao 5,000, waliowekwa mmojammoja katika mirija iliyozibwa kwa pamba, tayari kwa soko la wafugaji wa Ulaya na Asia. Mei 7 mahakama ya Nairobi iliwatoza faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12. Watu wengi waliposikia habari hiyo walishangaa kwamba sisimizi wanaweza kuwa kesi. Mahakama ilikuwa sahihi. Malkia mmoja ni koloni nzima, na nge jike mmoja mwenye mimba ni familia nzima. Mnyama hapimwi thamani kwa kimo chake.

Wapo watetezi wa biashara hii wanaosema humpa mwanakijiji kipato. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu anayefukua nge hafukui kwa starehe. Lakini bei hupanda kwa kila mkono mnyama anapopita, na mkono wa kwanza, ule ulioingia shimoni na kuhatarishwa, ndio unaolipwa kidogo kuliko yote. Nge akiisha katika vichuguu vya kijiji, mnunuzi huhamia kijiji kingine. Anayebaki ni mwanakijiji, bila nge na bila mnunuzi, na shambani wadudu ambao nge aliwala usiku. Nguchiro na nyani nao, ambao hula nge, wamepunguziwa chakula.

Njia ya haki ipo, nayo inafanya kazi. Nge wengi wanaofugwa wanaweza kuzaliana katika sanduku, na wafugaji wenye subira hubadilishana watoto bila kuhitaji hata mmoja kutoka porini. Mnunuzi aulize jambo moja kwa ukamilifu: je, mama wa huyu nge naye alizaliwa katika sanduku? Kwa maana jike aliyekamatwa porini akiwa na mimba akizalia dukani, wanawe watauzwa kama waliofugwa, hali kichuguu chao kimekwisha kuvunjwa. Muuzaji mkweli ana kumbukumbu za vizazi na atazionyesha.

Rai kwa wasikilizaji

Anayeishi Ulaya au Marekani na anayetaka kufuga nge, na achague jamii ya sumu hafifu iliyozaliwa katika sanduku kwa vizazi, ajue sheria ya mahali anapoishi, afunge kifuniko, atumie koleo ndefu badala ya vidole, na asimtoe mnyama ili wageni wapige picha. Kama nyumba ina mtoto mdogo, asubiri. Akimchoka, asimwachie bustanini. Amrudishe kwa mfugaji mwingine au kituo kinachopokea wanyama wa aina hiyo.

Anayeishi Afrika Mashariki hana haja ya sanduku. Nge yuko tayari nyuma ya nyumba. Kwa bei ya taa ndogo ya kukagua noti, mwalimu wa sayansi anaweza kuwatoa wanafunzi wake usiku usio na mbalamwezi, wakiwa wamevaa viatu vilivyofunika mguu, wakapita kando ya ukuta wa mawe na kuhesabu nge wanaong'aa bila kumgusa hata mmoja. Wataandika wamewaona wangapi, wa umbo gani, wakifanya nini. Orodha kama hizo za nge wa wilaya zetu ni chache mno, na shule ya sekondari yoyote inaweza kuanza kuiandika yake muhula huu.

Na kama mgeni atafika kijijini akiwa na mikebe mitupu akiuliza vichuguu viko wapi, mwenyekiti wa kijiji amuombe kibali. Asipokuwa nacho, taarifa iende kwa ofisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo.